Kunyimwa Kwangu Lawama Katika Kesi ya Mkojo wa Farasi

Zizi la Gormley,
Knockarra, Kildare.
Jumanne, 9 Septemba.

Kwa Mhariri, Gazeti la Wilaya.

YAH: KUNYIMWA LAWAMA ILIYO HAKI YANGU

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima zote na kukuombea macho mazima, maana mwandiko huu ni wa mtu aliyezoea koleo kuliko kalamu. Naitwa Malachy Tuohy. Nina umri wa miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na moja nimekuwa mtunza farasi katika zizi hili, kwanza chini ya marehemu mzee Gormley, na sasa chini ya binti yake, Bi Dervla, ambaye ndiye mwalimu wa farasi mwenye leseni. Mimi ndiye ninayewalisha, ninayewapiga brashi na kuzoa samadi yao. Chumba changu kimepakana ukuta na banda lao, hivyo wakikohoa wao naamka mimi.

Jambo lenyewe unalijua, kwa kuwa umeliandika wiki tatu mfululizo. Tarehe mbili Agosti farasi wetu Nitakuja Kesho, ambaye maishani mwake hajawahi kumshinda kiumbe yeyote isipokuwa farasi mmoja aliyeanguka, alishinda mbio za maili moja na nusu. Aliwaacha wenzake nyuma sana, hata mtangazaji akadhani ni farasi aliyepotea kutoka mbio nyingine. Mkojo wake ukachukuliwa, kama ilivyo kawaida kwa mshindi. Baada ya siku kumi na mbili majibu yakaja: mkojo una kafeini. Hicho ni kile kitu kilichomo kwenye chai na kahawa, kinachomfumbua mtu macho asubuhi. Kwa farasi wa mbio ni marufuku kabisa.

Tangu hapo Knockarra nzima imekuwa ikitafuta mtu wa kumlaumu, na hapo ndipo penye kilio changu. Silalamiki kwamba nimelaumiwa, Ndugu Mhariri. Nalalamika kwamba sijalaumiwa. Amelaumiwa mwalimu, amelaumiwa daktari wa mifugo, amelaumiwa mpanda farasi kwa sababu ya soda aliyokunywa, na muuza shayiri, na mgeni mmoja aliyevaa koti zuri ambaye baadaye iligundulika alikuja kuuza madirisha. Mzee mmoja amemlaumu farasi mwenyewe, akasema ana macho ya ujanja. Mimi sijalaumiwa hata kwa dakika moja.

Na ni mimi niliyefanya!

Naomba nieleze. Siku ile jua lilikuwa kali, jua ambalo sisi watu wa huku hulipata mara moja kwa mwaka na hatujui la kulifanyia. Nitakuja Kesho alikataa maji ya pale uwanjani. Nilimletea ndoo ya kwanza akaigeuzia uso. Nilimletea ya pili akaipiga teke. Ya tatu alinitazama kama mtu aliyeletewa supu ya jana. Midomo ilikuwa imemkauka, mbavu zinampanda na kushuka. Bi Dervla alikuwa kwa waamuzi, hana habari. Sasa mimi najua kitu ambacho farasi huyu hakikatai: tangu akiwa mtoto humalizia kikombe changu cha chai kila asubuhi. Nikaenda kwenye hema la akina mama wauza keki, nikaomba birika mbili za chai, nzito, ya maziwa na sukari, nikazimimina kwenye ndoo ya maji. Akanywa yote, akalamba ndoo, akalamba na mikono yangu. Baada ya saa moja na nusu akatoka kama amesikia nyumbani kwao kunaungua.

Sikujua kama chai inahesabiwa. Kwetu sisi chai si kitu cha kuhesabiwa. Mtu akifiwa apewe chai, akizaa apewe chai, akija kudai apewe chai. Ningejuaje?

Sasa nayaorodhesha malalamiko yangu.

1. PICHA. Katika toleo lako la tarehe kumi na sita Agosti ulichapisha picha ya farasi wetu siku ya ushindi, yenye maneno chini yake: "Nani alijua nini?" Bi Dervla yumo. Daktari Scully wa mifugo yumo. Mpanda farasi yumo, anatabasamu. Upande wa kushoto kabisa kuna kiwiko kilichoshika hatamu. Kiwiko hicho ni changu. Mtu mwingine yeyote ambaye angekuwa amesimama pale, karibu na mdomo wa farasi kuliko wote, angetiliwa shaka. Kiwiko changu hakikutiliwa shaka na mtu yeyote. Nilimwonyesha dada yangu aliyeko Athy, akaniuliza kama ni mlingoti wa bendera.

2. BAA. Kama unavyofahamu, baa ya Concepta Foley na posta yetu ni nyumba moja. Huku stempu, kule bia, na Concepta mwenyewe katikati. Jumamosi ya kwanza baada ya majibu nilikwenda pale, nikavua kofia, nikasema kwa sauti, "Jamani, nisikilizeni. Ni mimi. Nilimpa chai."

Watu wote wakanigeukia. Nikasema moyoni, haya, Malachy, saa yako imefika, simama wima.

Mara Daktari Scully akainuka na kuangusha kiti. "Semeni tu!" akafoka. "Semeni kwamba ni sindano zangu! Najua mnavyoninong'ona!"

"Na kweli ni sindano zako!" akajibu mtu kutoka nyuma.

"Tangu lini sindano zako zikamponya mnyama?" akasema mwingine. "Hii ndiyo ya kwanza kufanya kazi!"

Baa nzima ikaangua kicheko, ikageuka kumshambulia daktari, na mimi nikabaki na kofia mkononi. Nikajaribu tena. "Ilikuwa birika mbili," nikasema. Concepta akanisukumia bilauri ya bia. "Kunywa, Mzee Malachy, unachosha watu."

Je, Ndugu Mhariri, huo ni uungwana?

3. DAKTARI SCULLY. Sipendi kumsema mtu vibaya, ila mwanamume huyu amenogewa. Tangu aanze kulaumiwa anatembea na kola ya koti imesimama. Ukimuuliza habari za asubuhi anatazama nyuma yake kwanza. Nilimfuata hadi kwenye gari lake nikamwambia, "Daktari, unajua wazi sindano ile ilikuwa ya vitamini, tena ya mwezi wa sita." Akaniwekea mkono begani, akasema, "Mzee, kila mtu na mzigo wake." Mzigo wenyewe ni wangu! Kutuhumiwa bure, naye anajivuna. Mimi mwenye haki kamili sipati hata kunyooshewa kidole.

4. MKAGUZI. Alikuja kutoka bodi ya mbio, kijana nadhifu mwenye daftari. Akawahoji wote. Aliponifikia mimi akanipa koti lake nilishike. Nililishika, kwa adabu, kisha nikamwambia, "Bwana mkaguzi, chai nilimpa mimi, birika mbili, na shahidi ni mama mwenye hema la keki." Akafungua daftari! Wallahi alifungua daftari, akatoa na kalamu.

Bi Dervla akatokea mlangoni. "Usimjali huyu mzee wangu," akasema kwa upole. "Mwaka wa tisini na nane farasi alimpiga teke la kichwa. Huwa anakiri vitu. Mwaka jana alikiri kuzamisha meli."

Mkaguzi akafunga daftari, akanitazama kwa huruma na kuanza kuongea nami polepole. Naomba gazeti lako lisahihishe jambo hili kabla halijaenea: lile teke lilinipata nyonga. Nyonga, Ndugu Mhariri. Kichwa changu hakijawahi kuguswa. Na kuhusu meli, mimi hata kuogelea sijui.

5. KANISA. Nilijua huku angalau watanisikiliza, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Nikapiga magoti kwa Padri Mulqueen, nikaungama.

"Chai ilikuwa na maziwa?" akauliza.

"Ndiyo, Padri."

"Na sukari?"

"Vijiko kumi na viwili."

"Farasi alikuwa na kiu?"

"Sana, Padri."

"Nenda zako, Malachy. Kuna watu wanasubiri hapo nje wenye dhambi za kweli."

Kama hilo halikutosha, Jumapili iliyofuata akapanda mimbarani na kutangaza kwamba amepata wasiwasi juu ya maji ya baraka aliyowanyunyizia farasi wa kijiji mwezi Mei. Huenda, alisema, aliyachota kwenye birika ya jikoni mwake, iliyokuwa na mabaki ya kahawa. Maji ya Mei, mkojo wa Agosti! Mwanafunzi wa darasa la pili angecheka. Lakini waumini walitikisa vichwa kwa majonzi, na siku mbili tatu zilizofuata lawama ikawa kwa Padri. Mtu aliyesoma Roma, ana nyumba, ana gari, ana kengele inayolia akitaka; hata hili dogo nalo alitake?

6. Hili la sita nimelifuta kwa sababu lilikuwa na matusi.

7. KIKAO CHA BODI. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alhamisi iliyopita Bi Dervla aliitwa mbele ya bodi. Nilivaa suti yangu ya mazishi nikaendesha lori mwenyewe, yeye kando yangu. Kwenye ukumbi walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti akasoma maelezo. Akauliza, "Je, Bi Gormley, una maelezo yoyote ya namna kitu hiki kilivyoingia ndani ya farasi wako?"

Nikasimama kule nyuma. Moyo ulikuwa unanipiga mbavu kama kwato. Nikasema, "Mheshimiwa, ni mimi."

Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani yake. "Choo kiko mlango wa pili kushoto," akasema.

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo niendelee, kicheko kikanifunika. Ndipo Bi Dervla akasema, bila kugeuka nyuma, "Mheshimiwa, sina maelezo. Farasi yumo zizini mwangu, leseni ina jina langu. La farasi huyu nalijibu mimi. Andika."

Wakaandika. Ushindi ukafutwa. Kikombe cha ushindi kirudishwe. Bi Dervla asifundishe farasi yeyote wa mbio kwa miezi mitatu.

Wewe humjui kama ninavyomjua mimi. Alianza kupanda farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu; nilikuwa nikimfunga mimi. Baba yake alimwachia zizi lenye paa bovu na jina safi, na kati ya hivyo viwili, paa tu ndilo Bi Dervla alilolifanyia utani; jina hakulichezea. Kikombe kile kilikuwa cha kwanza kuingia nyumbani kwao kwa miaka kumi na tisa. Alikiweka dirishani, mahali ambapo anayepita barabarani anakiona. Ijumaa asubuhi nilimkuta akikifunga kwenye gazeti, gazeti lako, Ndugu Mhariri, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Na wiki hii alipokwenda Naas kununua misumari, mwanamke mmoja asiyemjua alivuka barabara asipite karibu naye. Amenisimulia akicheka. Sikuona macho yake yakicheka.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kikaoni nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Bi Dervla, umeninyang'anya."

"Nimekunyang'anya nini, mzee?"

"Kosa langu."

Akatazama ua wa michongoma. Kisha akasema, "Wewe una makosa mengi, Malachy. Chagua jingine."



Nimelifikiria sana, Ndugu Mhariri, na nimefikia uamuzi. Ukweli ni kwamba watu hawatafuti aliyekosa. Wanatafuta anayependeza kulaumiwa. Daktari anapendeza, ana mkoba. Mgeni alipendeza, ana koti. Mwalimu mwanamke mwenye leseni anapendeza kuliko wote. Lakini mtunza farasi mzee mwenye samadi kwenye viatu, nani atanunua gazeti kumsoma? Wananiona sina akili ya kumnywesha farasi kitu kibaya. Miaka thelathini na moja nimekabidhiwa wanyama wenye thamani kuliko nyumba, lakini siaminiki kuwa ninaweza kuharibu kitu. Ni dharau ambayo sijawahi kuiona.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, haya yafuatayo:

(a) Picha ile ichapishwe upya, ukurasa wa kwanza, ikiwa na mwili wangu wote uliounganishwa na kiwiko, na jina langu kamili. Tuohy, si Touhy.

(b) Uitishwe mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa parokia, ambapo nitalaumiwa na watu wasiopungua kumi, kwa zamu, na muda utengwe kwa maswali. Keki nitaleta mimi.

(c) Lawama ile yote aliyotwishwa Bi Dervla ihamishiwe kwangu rasmi, kama mtu anavyohamisha kiwanja, na apewe kikombe chake.

(d) Pasipo hayo, nitalazimika kutenda kosa kubwa zaidi, lenye mashahidi. Zizini kuna farasi tisa. Nina majani ya chai ya kutosha. Mkaguzi nitamwalika mwenyewe, naye safari hii akija koti lake alishike mwenyewe.

Sitaki mtu aone hivi ni vitisho. Ni mtu anayedai chake kwa njia ya amani.

Nisalimie mkeo, na mama mkwe kama bado yupo, na wote pale ofisini, hata yule bwana anayeandika kurasa za hali ya hewa na kukosea. Wasalimie wachapaji. Msalimie kila anayenijua, na ambaye hanijui mwambie nani alimnywesha farasi.

Mimi, ninayengoja kulaumiwa,

Malachy Tuohy,
Mtunza Farasi.

Nyongeza:

Ndugu Mhariri, haya nayaandika juu ya kaunta ya posta, kwa kalamu iliyofungwa kwa mnyororo, kwa hiyo nivumilie mistari ikipinda.

Nilimpa Concepta bahasha aipime. Akaigeuza, akasoma jina lako, akaifungua mbele ya macho yangu kama barua yake. Akasoma yote, amesimama, hata la sita lililofutwa akaliinulia mwangani. Nikadhani atacheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"We Malachy," akasema, "unadhani sisi vipofu? Mwenye hema la keki ni binamu yangu. Jioni ile ile ya mbio nilikuwa najua mpaka idadi ya vijiko."

Nikaivaa kofia, nikaivua tena.

"Mwalimu akikutwa na kosa, anafungiwa miezi mitatu, anarudi," akasema. "Mtunza farasi akikutwa amempa farasi kitu, wanamnyang'anya kitambulisho. Hakanyagi tena zizi lolote nchi hii. Una miaka sitini na mitatu. Chumba chako kiko wapi? Ukutani mwa banda. Ungekwenda wapi, kwa dada yako Athy, anayekuona mlingoti?"

Basi akanieleza. Siku majibu yalipokuja, mimi nikiwa nalisha, Bi Dervla alikuja hapa baani akafunga mlango. Akawaambia: tukikaa kimya, mkaguzi atauliza nani alikuwa karibu na ndoo. Kwa hiyo tupige kelele. Wakagawana zamu za kulaumiwa, Concepta akaziandika daftarini. Daktari Scully alijitolea kuwa wa kwanza, na mkewe bado haongei naye. Padri aliomba Jumapili, kwa kuwa ana mimbari. Muuza madirisha hawakumpanga, huyo alijileta, wakamshukuru Mungu. Concepta anasema hata wewe, Ndugu Mhariri, ulikuwa umekaa pale karibu na dirisha, na uliweka kinywaji chako chini na kusema, "Mimi nitashughulikia upande wa magazeti."

Kwa hiyo naomba uichane barua hii. Malalamiko ya kwanza mpaka ya saba nayaondoa. Concepta ameniwekea stempu bila malipo, anasema ni vizuri ujue kwa maandishi ni kitu gani hasa usichochapisha. Kama mkaguzi atakuuliza, mimi ni yule mzee aliyepigwa teke la kichwa.

Nikamuuliza Concepta, kwa kuwa wiki ijayo bado watu wataongea, kama haiwezekani mimi nami nipewe zamu yangu, hata siku moja tu, ya katikati ya wiki.

Akafungua daftari lake, akapitisha kidole. Akasema zamu zimejaa mpaka Krismasi.